Ignatius Musazi na vita vya mkulima kuuza mazao yake

Anayetoka katikati ya Kampala kwenda bandari ya Port Bell hupita Bugolobi. Leo mtaa huo unajulikana kwa maghorofa ya makazi, soko lake na hoteli za wenye pesa. Lakini kando ya barabara ya zamani ya Port Bell, karibu na reli, yamesimama maghala makubwa ambayo wafanyabiashara wa umri mkubwa hawajayasahau. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Bodi ya Kahawa. Kwa zaidi ya miaka 20, karibu kahawa yote ya Uganda iliyokwenda ng'ambo ilipitia mikononi mwa bodi hiyo, kwa bei iliyopangwa na serikali.

Ignatius Kangave Musazi hakuyajenga maghala hayo wala hakufanya kazi humo. Hata hivyo, kisa cha maghala ya Bugolobi hakieleweki bila kisa cha maisha yake. Alitumia miaka yake ya nguvu kuuliza maswali mawili: kwa nini mkulima anayelima shamba asiwe na sauti katika bei ya mazao yake, na kwa nini raia anayelipa kodi asimchague anayemtawala? Kwake maswali hayo yalikuwa pacha, na kuyatenganisha kulikuwa ni kumdanganya mwananchi. Alifungwa na kuhamishwa kwa sababu yake. Uhuru ulipokuja, nusu tu ya madai yake ilikuwa imejibiwa.

Mtoto wa chifu aliyeacha joho

Musazi alizaliwa mwaka 1905 katika kijiji cha Timuna, karibu na Wobulenzi, katika nchi ya Bulemeezi ambayo sasa ni Wilaya ya Luweero. Baba yake alikuwa chifu wa gombolola, kwa hiyo kijana huyo angeweza kupita njia iliyokwisha kufyekwa: shule nzuri, cheo katika serikali ya Buganda, shamba kubwa na heshima ya maisha. Alisoma King's College Budo, shule ya watoto wa wakubwa, kisha akapelekwa Uingereza kusomea elimu ya dini ili awe kasisi wa Kanisa la Anglikana.

Alirudi nyumbani lakini hakuwa kasisi. Alifundisha kwa muda, na taratibu akavutwa na mambo ya watu wa chini: vibarua wa mjini, madereva wa magari na wakulima wa pamba. Mwaka 1938, akiwa pamoja na James Kivu, kiongozi wa madereva, alianzisha chama cha Wana wa Kintu. Jina hilo lilimtaja Kintu, babu wa Waganda wote katika masimulizi ya kale, na maana yake ilikuwa wazi kwa kila aliyelisikia: wenye nchi ni watoto wote wa Kintu, wala si machifu peke yao.

Kulikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kwa Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, Waingereza waligawa ardhi kubwa kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine, na wakulima wengi wakajikuta wapangaji katika ardhi ya mababu zao. Machifu walikuwa wakiteuliwa. Baraza la Buganda, Lukiiko, lilijaa machifu hao hao. Anayekusanya kodi, anayehukumu kesi na anayetunga sheria alikuwa mtu mmoja, na mkulima hakuwa na njia ya kumwondoa.

Mipaka ya pamba ndani ya nchi moja

Upande wa biashara nao ulikuwa na mafundo yake. Pamba ilikuwa roho ya uchumi wa Uganda tangu mwanzo wa karne ya 20. Aliyeilima alikuwa Mwafrika, lakini viwanda vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na mkulima hakuruhusiwa kuuza nyuzi zilizokwisha kuchambuliwa. Aliuza pamba mbichi pamoja na mbegu zake, kwa mnunuzi mwenye leseni, kwenye mizani ya mnunuzi huyo.

Tangu miaka ya 1930 serikali iliigawa nchi katika kanda za pamba. Pamba iliyolimwa katika kanda moja haikuruhusiwa kuvushwa kwenda kanda nyingine. Mkulima aliyesikia kwamba ng'ambo ya mto bei ni nzuri alibaki kusikia tu. Wenye viwanda ndani ya kanda waliungana, wakagawana pamba kwa mafungu na hawakuhitaji kushindana kwa bei. Mfanyabiashara wa leo anayesimamishwa Busia, Malaba au Mutukula anaifahamu hali ya kuona soko kwa macho na kukosa ruhusa ya kulifikia. Tofauti ni kwamba mkulima wa enzi hizo alizuiwa ndani ya nchi yake mwenyewe, na mzigo aliobeba aliulima kwa mikono yake.

Vita Kuu ya Pili ilizidisha uchungu. Serikali ya Uingereza ilinunua pamba na kahawa kwa jumla kwa bei iliyoipanga yenyewe. Bei ya dunia ilipopanda, mkulima hakupewa tofauti. Fedha zilizobaki ziliwekwa katika mifuko maalumu, na maelezo ya serikali yalikuwa kwamba zingemsaidia mkulima siku ambayo bei ingeanguka. Nia hiyo ilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa bei za mazao hupanda na kushuka kama maji ya ziwa. Lakini mwenye fedha hakuulizwa, na hakuwa na mjumbe wa kumsemea. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda, Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945. Walikuwa watatu, wote wa kuteuliwa.

Mwaka huo huo wa 1945, Januari, wafanyakazi waligoma wakidai mishahara inayolingana na gharama za maisha, na vurugu zikaenea. Septemba, Katikiro Martin Luther Nsibirwa aliuawa kwa risasi mbele ya kanisa la Namirembe. Serikali iliwakamata na kuwahamisha watu wengi iliowaona wachochezi, na Musazi alikuwa miongoni mwao.

Chama cha wakulima na moto wa 1949

Alipopata tena nafasi, Musazi hakuanza na chama cha siasa. Alianza na mizani. Mwaka 1947 alikuwa kiongozi wa chama kipya cha wakulima Waafrika wa Uganda, kilichojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama UAFU. Mpango wake ulikuwa wa kibiashara kabisa: wakulima wakusanye pamba yao pamoja, wasiiuze mmoja mmoja, wapate haki ya kuichambua wenyewe na kuuza nyuzi moja kwa moja. Maelfu walijiunga. Palijengwa maghala ya kijijini, na pamba ikawekwa ndani badala ya kupelekwa kwa wanunuzi.

Ushirika ulikwishaanza kutambuliwa na sheria ya mwaka 1946, lakini sheria hiyo ilimpa afisa wa serikali mamlaka makubwa ya kusimamia hesabu na maamuzi ya kila chama. Musazi na wenzake walikataa kujisajili chini yake. Waliona kwamba chama ambacho serikali inaweza kukifunga kwa kalamu si cha wakulima. Serikali nayo iliona kwamba chama kisichokubali kukaguliwa hesabu ni hatari kwa fedha za wanachama. Kila upande ulikuwa na hoja, na hakukuwa na bunge la wananchi la kuamua kati yao.

Aprili 1949 mambo yalifurika. Umati ulikwenda kwa Kabaka Mutesa II, Mengo, ukiwa na madai yaliyohesabika. Ulitaka wananchi wachague machifu wao, Lukiiko iwe na wajumbe 60 wa kuchaguliwa, mawaziri wa Buganda wajiuzulu, na wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao na kuuza mazao yao bila kuzuiwa. Siasa na biashara zilikuwa katika orodha moja.

Jibu halikuridhisha. Nyumba za machifu na watu walioonekana kuwa upande wa serikali zilichomwa moto. Watu waliuawa, mamia wakakamatwa. Chama cha wakulima kilipigwa marufuku pamoja na chama cha Bataka, kilichokuwa kikipigania ardhi na haki za wazee wa koo. Ripoti ya tume ya Sir Donald Kingdon, iliyotoka mwaka 1950, iliwabebesha viongozi wa vyama hivyo lawama kubwa kuliko malalamiko yenyewe.

Lakini malalamiko hayakuzimwa na marufuku. Gavana mpya, Sir Andrew Cohen, alipofika mwaka 1952 alianza kulegeza kamba. Sheria ya ushirika ilirekebishwa ili vyama viwe na uhuru zaidi, na njia ikafunguliwa kwa vyama vya Waafrika kununua viwanda vya kuchambua pamba na kukoboa kahawa. Mwaka 1953 ilikubaliwa kwamba wajumbe 60 kati ya 89 wa Lukiiko wawe wa kuchaguliwa. Idadi hiyo ya 60 ndiyo iliyodaiwa na umati wa 1949, ule uliotawanywa kwa nguvu.

Kutoka ghalani kwenda siasani

Wakati huo Musazi alikuwa amepata marafiki London, akiwemo mbunge wa chama cha Leba Fenner Brockway, mpinzani mkubwa wa ukoloni. Kupitia mtandao huo alimpata Mmarekani kijana, George Shepherd, aliyekuja Uganda kumsaidia kujenga shirikisho jipya la wakulima. Shirikisho hilo lilikuwa na moyo mkubwa na mfuko mdogo. Lilikosa mtaji, lilikosa wahasibu wa kutosha, na lilishindana na vyama vya ushirika vilivyokuwa vikipata msaada wa serikali. Baada ya miaka michache likafifia. Kwa mfanyabiashara hilo ni somo lisilopendeza: haki ya kuuza haitoshi kama hakuna mtaji wa kungojea bei nzuri wala daftari la hesabu linaloaminika.

Musazi alifikia uamuzi kwamba ghala bila dola litabomolewa kila mara. Machi 1952 alianzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa kilichokusudia kuwa cha nchi nzima, yeye akiwa rais wake na Abu Mayanja, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa Makerere, akiwa katibu mkuu. Wengi wa wanachama wa mwanzo walikuwa wale wale wa vyama vya wakulima. Madai yao yalikuwa kujitawala, na uchumi wa Uganda uwe mikononi mwa Waganda wote, wa kaskazini na kusini, mashariki na magharibi.

Umoja huo uligonga mwamba mapema. Novemba 1953 Gavana Cohen alimhamishia Kabaka Uingereza baada ya kutoelewana kuhusu mustakabali wa Buganda. Congress ilishika bango la kumrudisha, na Musazi akawa mstari wa mbele. Kabaka alirudi Oktoba 1955 kwa shangwe kubwa, lakini nguvu iliyopatikana ilikwenda Mengo, si kwa chama. Nje ya Buganda watu waliuliza kama Congress ni ya Uganda au ya Kabaka. Ndani ya Buganda wakubwa wa Mengo waliuliza vyama vya siasa vina kazi gani wakati Kabaka yupo. Mtu aliyeanza kwa kuwatetea Wana wa Kintu dhidi ya machifu alijikuta amewaimarisha machifu. Chama kiligawanyika, na mwaka 1960 upande ulioongozwa na Milton Obote uliungana na chama kingine kuunda UPC, kilichoingiza Uganda katika uhuru.

Mgomo uliowachoma wasio na hatia

Kabla ya hapo, mwaka 1959, Musazi aliingia katika jambo linalobaki kuwa doa gumu kufutika katika kisa chake. Chama kipya cha Uganda National Movement, kikiongozwa na Augustine Kamya, kilitangaza kususia maduka na bidhaa za wasio Waafrika katika Buganda. Musazi alikuwa miongoni mwa viongozi wake.

Hoja ya wasusiaji ilieleweka na kila aliyewahi kujaribu kufungua duka. Biashara ya rejareja na ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wahindi, mikopo ya benki ilikwenda kwao, na Mwafrika aliyetaka kuanza alikuta milango imefungwa. Kususia kuna nguvu mahali ambapo watu hawana kura, kwa sababu kila mmoja anaweza kupiga kura kwa mfuko wake.

Lakini mgomo ulipotoka mikononi mwa viongozi, ukageuka vitisho. Waliokwenda dukani walipigwa, migomba na mibuni ikafyekwa usiku, nyumba zikachomwa. Wenye maduka wengi wa vijijini, ambao wengine walikuwa wadogo kuliko wateja wao, walifunga wakakimbilia mijini. Serikali ilipiga marufuku chama hicho na kuwahamisha viongozi wake, Musazi akiwamo, mbali na Buganda. Waafrika walipata nafasi ya kufungua maduka, hilo ni kweli. Lakini lilizoeleka pia wazo kwamba tatizo la biashara ni rangi ya mwenye duka. Miaka 13 baadaye, Agosti 1972, Idi Amin alilichukua wazo hilo akaliendesha hadi mwisho wake kwa kuwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Maduka yaligawiwa wanajeshi na wenye kujuana nao, na baada ya muda mfupi sukari, sabuni na chumvi vikaadimika.

Dalali mpya

Wakati Amin akifanya hayo, lile swali la kwanza la Musazi, la nani anapanga bei, lilikuwa limepata jibu ambalo yeye hakulitaka. Vyama vya ushirika vilikua haraka katika miaka ya 1950 na 1960, vikamiliki viwanda vingi vya pamba na kahawa. Kahawa iliipita pamba ikawa zao kuu la kuuza nje. Lakini serikali huru nayo iliipenda ile mifuko ya wakoloni. Sheria ya kahawa ya mwaka 1969 iliipa Bodi ya Kahawa, ambayo mizizi yake ni ya enzi za Waingereza, mamlaka ya peke yake ya kuuza nje. Sasa dalali hakuwa Mhindi wala Mzungu. Alikuwa bodi ya Bugolobi, na nyuma ya bodi ilikuwa serikali yenye njaa ya fedha za kigeni.

Matokeo yalionekana mpakani. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa duniani ikapaa kuliko ilivyowahi kuonekana. Mkulima wa Masaka au Bugisu alipewa na bodi sehemu ndogo tu ya bei hiyo, tena kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani, na mara nyingi kwa kuchelewa. Kahawa ikaanza kutembea usiku. Ilivuka kwa mitumbwi Ziwa Victoria, ilivuka kwa punda na mabega ya watu katika miteremko ya Mlima Elgon, na Chepkube, upande wa Kenya, pakawa soko lililowatajirisha watu kwa msimu mmoja. Hiyo ndiyo magendo, na hadi leo familia za pande zote mbili za mpaka zinajua nyumba ipi ilijengwa kwa kahawa ya Chepkube.

Serikali ya Amin ilijibu kwa bunduki. Amri ya mwaka 1975 ilianzisha mahakama ya makosa ya uchumi, na adhabu ya kulangua au kuvusha magendo ikaweza kuwa kifo. Lakini kahawa iliendelea kuvuka. Mahali ambapo mkulima hana kura ya kuiondoa serikali wala soko la kuikimbia bodi, hubaki na miguu yake tu, na watu wengi waliitumia. Katika miaka ya ukoloni mkulima alizuiwa kuvusha pamba kutoka kanda moja kwenda nyingine. Katika miaka ya uhuru aliweza kupigwa risasi kwa kuvusha kahawa kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Kaburi la Kololo

Musazi aliishi hadi kuyaona hayo yote. Alifariki mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 85 hivi, akazikwa kwa heshima za taifa Kololo, kwenye uwanja ule ule ambako bendera ya Uingereza ilishushwa usiku wa uhuru mwaka 1962. Mwaka uliofuata, 1991, serikali ilivunja ukiritimba wa Bodi ya Kahawa. Wanunuzi binafsi waliruhusiwa, na kazi ya kusimamia ubora ikapewa mamlaka mpya, UCDA. Ndani ya miaka michache sehemu ya bei ya dunia inayomfikia mkulima iliongezeka sana, na maghala ya Bugolobi yakapoteza enzi yake.

Hata hivyo soko huria halikufunga mjadala. Mkulima sasa anaweza kuuza kwa yeyote, lakini mara nyingi anauza kiboko, yaani kahawa kavu yenye maganda, au hata maua yaliyo bado mtini, kwa mchuuzi mwenye fedha taslimu siku ya ada ya shule. Vyama vya ushirika ambavyo vingempa nguvu ya kungoja vilianguka vingi katika miaka hiyo hiyo. Na Novemba 2024, bunge lilipojadili kuivunja UCDA na kurudisha kazi zake wizarani, ugomvi ulizuka ndani ya ukumbi hadi wabunge wakatolewa nje kwa nguvu. Sheria ilipita. Waliopinga waliogopa mkono wa serikali kurudi kwenye mizani. Waliounga mkono walisema taasisi nyingi ni gharama kwa mlipa kodi.

Kuna jambo moja lililobadilika tangu 1949. Safari hii swali la kahawa liliamuliwa katika bunge la kuchaguliwa. Kutoka Bugolobi hadi Kololo si mbali, dakika chache kwa bodaboda kama foleni ya Jinja Road inaruhusu. Upande mmoja yapo maghala ya bodi, na upande wa pili lipo kaburi la mtu aliyetaka mkulima achague anayemtawala na asimamie mwenyewe mizani anayopimiwa.